Mayai ya Tausi Chini ya Sista

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye harusi ya mpwa wangu, katika bustani ya hoteli moja nje kidogo ya mji wa Eldoret. Mchungaji alikuwa amefika pale pa kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, watu wametulia tuli, ndipo sauti ikapasuka nyuma ya ua: kali, ndefu, nusu paka na nusu mtoto aliyefinywa. Bibi harusi alishtuka. Mama mmoja wa kwaya akakemea pepo kwa sauti ya chini, ila wote tukamsikia. Mimi niliinua tu mkono wa kushoto nikauweka tumboni, kama mtu aliyeficha kitu chini ya sweta, na dada yangu akaninong'oneza kuniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimemsikia tausi, na ghafla nilikuwa na miaka tisa tena.

Tuliishi karibu na Soy, kwenye shamba la Mzee Njoroge. Mzee alikuwa ametoka upande wa Murang'a na mkewe, wakafungua duka pale sokoni, na baada ya miaka mingi ya kupima sukari na mafuta ya taa wakanunua shamba la Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mzungu aliacha trekta, ng'ombe, nyumba ya mawe yenye dohani, na tausi wawili ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kubaki. Baba yangu alikuja kutoka Bungoma kuendesha ile trekta. Ndiyo maana mimi, mtoto wa dereva, nyumba yetu ya udongo ikiwa pale chini karibu na ua wa miiba ya kayaba, nilikulia miongoni mwa ndege wa kifalme. Usicheke. Hata sisi wenyewe tulijua jambo hilo halikuwa la kawaida.

Dume alikuwa na shingo ya buluu ambayo sijaiona tena hata kwenye vitenge. Kichwani alivaa kishungi cha vijiti vyembamba, kila kimoja na kishada chake nchani, na nyuma aliburuta mkia mrefu kuliko mimi. Akiamua kuufungua, uliinuka wote na kutetemeka kwa mlio kama wa mvua inayoanza juu ya mabati, na yale madoa yake yote kama macho yakawa yanakutazama wewe peke yako. Alikuwa na maringo, sitamsingizia. Akipita mbele ya jogoo wetu, jogoo alijifanya ana kazi kwingine. Jambo hilo lilimchekesha sana Baba, lakini kabla ya kucheka alitazama kwanza barabarani. Miaka ile chama kilikuwa kimoja na alama yake ilikuwa jogoo, na Baba alisema mwanamume mwenye watoto haonekani akimcheka jogoo aliyeshindwa.

Jike nilichelewa kumtambua. Kwa muda mrefu niliamini ni kanga aliyepotea njia. Mwili wake ulikuwa wa kahawia, rangi ya nyasi zilizokauka, tumbo jeupe lisilo safi sana, hana mkia wa kuburuta. Ungetazama vizuri tu ndipo ungeona kishungi kile kile kichwani na kijani kidogo kinachong'aa shingoni. Siku moja Mzee Njoroge alinikuta nikimfukuza kwenye mahindi ili yule niliyemwita tausi wa kweli apate kushiba. Hakunigombeza. Alichuchumaa kando yangu, magoti yakalia, akasema, "Huyo unafukuza ndio mwenye boma. Yule mwingine ni nguo tu."

Mkewe, Mama Wambui, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Yeye ndiye aliyewalisha tausi kila asubuhi kwa mkebe wa mahindi yaliyovunjwa, akiwaita kwa Kikikuyu. Baada ya mazishi Mzee aliuchukua mkebe, lakini tausi walimtazama kama mgeni wa siku moja, wakawa wanakula na mguu mmoja juu. Mwishowe alinipa mimi. Sijawahi kupewa kazi nyingine iliyonifanya nijione mkubwa hivyo.

Kwa mkebe ule niliwajua. Mahindi na ngano walikula, lakini roho zao zilikuwa kwingine: kwa mchwa, kwa panzi, kwa kumbikumbi baada ya mvua, na kwa vichipukizi vya sukuma wiki ya Mama, jambo lililokaribia kuleta vita. Siku moja nilimwona jike akimpiga nyoka mdogo chini, mara huku, mara kule, mpaka akanyooka kama kamba, kisha akammeza bila haraka. Jioni wote wawili walitembea hadi kwenye mkaratusi mkubwa, wakatazama juu kama watu wanaohesabu ngazi, wakaruka kwa kishindo, tawi kwa tawi, hadi kileleni, wakalala huko.

Na kila mwaka, mvua ndefu zikishaisha, dume aliangusha manyoya ya mkia mmoja mmoja hadi akabaki kama mtu aliyevuliwa koti. Mara ya kwanza niliokota kumbatio zima nikaenda nyumbani nikiimba. Mama alinifinya sikio kwa kumnyonyoa ndege wa mwenyewe. Nililia, nikaapa, haikusaidia, mpaka Mzee alipopita na kueleza kwamba ndivyo alivyo kila mwaka na mengine yataota. Mama hakusema pole. Alinikaangia yai zima, la peke yangu. Lakini tangu siku hiyo, kabla ya kulishika sikio langu, aliangalia jambo mara mbili.

Mwaka ninaousimulia, Mzee alimwambia Baba kwamba jike ametafuta mahali pa kutaga, kwa hiyo asikate nyasi za ng'ombe kabla ya kukagua. Baba yangu alikuwa mtu mwangalifu kuliko wote niliowajua. Alizunguka chini ya mkaratusi na miti yote ya jirani, kichwa juu, hadi shingo ikamuuma. Hakuona kiota. Ndege analala juu ya mti, sasa atatagia wapi kama si juu ya mti? Ndivyo alivyowaza, na hata mimi mwenye mkebe ningewaza vivyo hivyo. Akapanda trekta akaanza kukata nyasi kando ya ua wa kayaba.

Tausi hutaga chini. Hajengi kitu cha kuitwa nyumba. Anaparua kishimo katikati ya nyasi ndefu, basi. Na akishakaa juu ya mayai hatoki, hata umkaribie vipi, kwa sababu amezaliwa na rangi ya nyasi na anaiamini rangi ile. Aliiamini mpaka mwisho. Nilipotoka shule nilikuta trekta imezimwa katikati ya shamba na Baba amesimama kando yake, kofia mkononi. Miguuni pake jike alikuwa amelala, amekufa, na kando yake mayai matano, makubwa kuliko ya kuku, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Kisu kilikuwa kimepita juu ya mayai bila kugusa hata moja. Mzee alituambia baadaye kwamba jike alikuwa anamalizia kutaga tu, kuatamia kwenyewe hakujaanza.

Baba alikwenda kwa Mzee kwa miguu, nami nikamfuata nyuma. Alisema yote bila kujitetea. Mzee alitazama upande wa mkaratusi, kisha akauliza, "Sasa huyo bwana atakuwa anaita nani?"

Alimaanisha dume. Lakini tulipokuwa tunarudi, Baba alisema hakuwa na hakika. Mzee hakumfukuza kazi, hakumkata kitu, hakulitaja tena neno lile, na hilo ndilo lililomnyima Baba usingizi. Alikuwa mtu wa kupiga mbinja akiendesha. Mbinja ilikufa siku ile.

Mama ndiye aliyeamka na jibu. Kwa kuatamisha hakuwa na mpinzani upande wote ule wa Soy. Alishawahi kumpa kuku mayai ya bata na bata wakatoka, kuku akabaki anazunguka bwawa akipiga kelele. Wakati huo alikuwa na kuku mweusi mwenye kola nyeupe shingoni, ambaye tulimwita Sista kwa kuwa alifanana na watawa wa misheni na hakuonekana kuwa na muda na majogoo, ingawa mayai yake yalisema vingine. Sista alikuwa ameanza kukaa. Mama aliyatoa mayai yake yote, akampa yale matano, kisha akafunga kitambaa na kwenda kwa Mzee mwenyewe.

"Mzee, hiyo mayai niachie mimi," alimwambia. "Siku ishirini na moja zikiisha, nitakuletea watoto kwa karai."

Siku ishirini na moja, kwa sababu kuku ni siku ishirini na moja. Hilo Mama alilijua kama alivyojua jina lake. Mzee alivua kofia akashukuru. Nami niliona Baba akila jioni ile, si sana, lakini alikula.

Sista aliwekwa pembeni mwa jiko, nyuma ya kuni, ndani ya karai kuukuu lenye maganda ya mahindi. Ilikuwa Jumapili. Kila jioni baada ya kusonga ugali, Mama alichukua kipande cha mkaa na kupiga mstari mmoja ukutani. Mkaa ule aliuweka juu ya mhimili wa paa, mahali nisipofika. Tulikatazwa kukimbia jikoni, kuangusha sufuria, hata kucheka kwa nguvu. Yai, alisema Mama, halipigiwi kelele. Nje hakukuwa na wa kumkataza dume. Aliita alfajiri, akaita jioni, akanyamaza kusikiliza, akaita tena, na wiki ya tatu sauti yake ilikuwa imekwaruzika. Kila alipoita, Baba aliacha alichokuwa anafanya.

Siku ya ishirini na moja tulitoka kanisani kwa hatua za haraka, hata Mama aliyekuwa na viatu vya kubana. Sista alikuwa ametulia. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Jumatano jioni Mama aliyatoa mayai yote akayaweka kwenye ungo, akachukua moja akaenda kulipasua kwenye jiwe nyuma ya nyumba. Harufu iliyotoka pale naikumbuka mpaka leo. Hata mbwa alirudi nyuma. Lilikuwa viza, na lilikuwa viza siku nyingi.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema bila kunitazama. Akaniambia niyabebe manne yaliyobaki nikayatupe shimoni, mbali, mbwa wasiyapate. Jumapili angekwenda kumweleza Mzee. Halafu akasema, zaidi kwa ungo kuliko kwangu, "Nimeaibisha baba yako mara ya pili."

Niliyaweka mayai chini ya sweta ya shule, nikayashika kwa mkono wa kushoto, nikaenda. Na hapa naomba usinisifu, kwa maana sikuwa na hekima yoyote. Nilisimama ukingoni mwa shimo nikashindwa kutupa kwa sababu moja tu: yalikuwa ya moto. Nilimgusa bibi yangu mwaka ule alipolazwa kwenye jeneza, na nilijua mfu huwa baridi. Haya yalikuwa na joto tumboni mwangu kama watoto wanne. Sikujua kwamba hata jiwe ukiliweka chini ya kuku litapata moto.

Nilirudi kwa njia ya nyuma. Mama alikuwa nje anachota maji. Sista alikuwa bado amekaa juu ya maganda matupu kwa ukaidi, akinitazama kama mtu aliyeibiwa na mwenye nyumba. Nilimsukumia yai la kwanza nikitarajia kudonolewa. Aliinua tu kifua akalivuta ndani kwa mdomo. La pili, la tatu, la nne. Nikanawa mikono na kwenda kukaa mlangoni nikiwa na uso wa mtu asiyejua lolote.

Siku nne hizo nilikuwa na hofu na majivuno kwa pamoja. Niliogopa Mama angepiga magoti kufagia nyuma ya kuni, lakini Alhamisi aliniambia mgongo unamuuma, kuanzia leo pembe ile ya kuku nifagie mimi. Nilimshukuru Mungu kwa ule mgongo. Niliogopa angemtoa Sista na kumfunga kamba mguuni, kama alivyofanya kwa kuku wengine waliokataa kuacha kuatamia. Badala yake alimwekea mahindi na maji karibu na karai, akilalamika kwamba mjinga huyu atakufa njaa bure. Nilijiona mtoto mwerevu kuliko wote wa Uasin Gishu.

Jumapili ikafika. Baada ya kanisa Mama alibaki na nguo zake nzuri, akaanza kufunga kitambaa cha kwenda kwa Mzee. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena. Mimi nilichukua ufagio nikaenda jikoni, kwani sikutaka kumwona akitoka. Nikiwa nimeinama nikasikia sauti chini ya Sista, nyembamba, ya kukatika. Nikamwinua bawa kidogo. Yai moja lilikuwa na tundu lenye nyufa pande zote, na ndani ya tundu kitu kilikuwa kinapumua.

Sikuweza kuita, maana kuita kungekuwa kukiri. Nilikaa pale chini, machozi yananitoka, mpaka kivuli kikaanguka mlangoni. Mama alikuwa amesimama, kitambaa kikining'inia upande mmoja. Hakuuliza mayai yale yanafanya nini pale. Alikuja akapiga magoti kando yangu na ile nguo yake ya kanisani, juu ya majivu.

"Usiwaguse," alisema. "Wacha watoke wenyewe."

Kufikia saa kumi walikuwa watatu, wa rangi ya maganda ya mahindi, wenye michirizi ya kahawia mgongoni, miguu mirefu isiyojua inakwenda wapi. La nne halikufunguka. Baba aliingia, akawatazama, akatoka. Nilimchungulia nikamwona amesimama kando ya trekta, ameiwekea mkono kama mtu anayemtuliza ng'ombe. Kisha akaenda kumwita Mzee.

Mzee alikuja bado amevaa koti la kanisani, akakaa kwenye kigoda chetu akiwa na kifaranga mmoja kwenye kiganja. Aliuliza wamechukua siku ngapi. Mama aliniambia nihesabu mistari, nami nikahesabu kwa sauti, kidole ukutani, nikafika ishirini na nane. Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Mama Wambui alikuwa anasema ni mwezi mzima," alisema. "Mimi nilidhani anaongea tu." Alitoa kitambaa akajifuta macho, akalaumu moshi wa jiko. Moto ulikuwa haujawashwa.

Mama alitimiza ahadi yake kesho yake: watoto kwa karai, na Sista chini ya kwapa. Alfajiri ya Jumanne, trekta ilipoanza kunguruma, nilisikia mbinja ya Baba juu ya mngurumo. Tangu mwaka ule hakukata nyasi bila kutangulia kwa miguu akiwa na fimbo, akizipapasa hatua kwa hatua, macho chini. Na Sista alipata taabu nyingine. Wiki chache tu zilipita, wale watoto wakaanza kulala mitini kama asili yao ilivyo, kila jioni tawi la juu zaidi, naye akawa anazunguka chini akiwaita wateremke walale kama Wakristo. Dume alimsikiliza kutoka juu na hakuongeza neno.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na kila mara mimi ndiye shujaa: mtoto aliyemdanganya mama yake kwa wema. Miaka michache iliyopita nilimsimulia binti yangu tulipokuwa tumemtembelea Mama kule Soy. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akauliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliuliza, ikiwa Mama aliamini mayai yameharibika Jumatano, siku ya ishirini na nne, ile mistari minne ya mwisho nani aliichora?

Mimi sikuwa nimegusa mkaa. Nilikuwa siufikii.

Nilimkuta Mama nyuma ya nyumba akichambua mboga za managu. Nilipomuuliza alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema Sista alikuwa amekaa juu kama mtu aliyekalia debe, je, nilidhani yeye ni kipofu? Aliyaona Jumatano ile ile, alipoenda kupakua ugali. Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu, aniache nibebe ile hofu peke yangu siku nne zote.

Alichambua shina moja, akachambua la pili. "Niliogopa kutumaini tena," alisema. "Nikaona wewe bado unaweza. Nikakuachia, mimi nikawa nahesabu tu."

Kisha akanipa ungo wa managu, akaniambia niupeleke jikoni, maji yamechemka.